Mpwa Kizingitini

Ichha aliketi kwenye kizingiti cha duka letu, amevaa sari nyeupe ya uzi wa kusokota nyumbani, na hakuna mteja aliyethubutu kumruka. Ulikuwa msimu wa harusi, mwaka ule ambao nusu ya mji wetu wa Surat ilikuwa imeapa kutovaa nguo za Mwingereza aliyeitawala India. Nyuma yake, ndani, tulikuwa na marobota ya nguo hizo hizo yaliyofika darini. Riziki yetu ya mwaka mzima ilikuwa humo.

Ichha alikuwa binti wa dada ya mume wangu. Jina la mume wangu silitaji; kwetu mke hamtaji mumewe, na mimi nimezeeka mno kuanza utundu huo leo. Lakini mpwa wa kike kwa mjomba wake si mtoto tu. Mjomba ndiye humwinamia mpwa na kumgusa miguu kwa heshima. Mpwa akikaa na njaa mlangoni, mjomba hali. Basi wanawake wa kamati ya kususia nguo hizo, wajanja wasio na haya, waliacha kuwapanga ovyo sokoni watu wa kuzuia wateja. Kila duka walilipelekea mpwa wa mwenye duka.

"Mwanangu, kula kwanza," mume wangu alimbembeleza, sahani mikononi. "Siasa itakungoja."

"Siwezi kula mlangoni pa nguo hizo, Mjomba. Funga, nile."

"Nikifunga, mimi nitakula nini?"

"Kwani sasa unakula?"

Mume wangu aliirudisha sahani ndani. Tangu juzi hakuwa ameonja kitu zaidi ya maji. Mimi nilipika, nikapakua, kisha nikawamwagia ng'ombe wa mtaani, ambao hawakuwa na neno na Mwingereza wala na kamati. Walinenepa vizuri tu.

Nilimkasirikia Ichha, kusema kweli. Nilikuwa nimembeba mgongoni huyu, nikamsuka nywele, na sasa alikuwa anatufilisi kwa kukaa tu. Nilipompelekea maji alinyanyua macho akaitazama sari yangu, melimeli laini ya Manchester yenye maua ya samawati.

"Inakupendeza, Mami," alisema. Ndivyo alivyoniita, mimi mke wa mjomba wake.

"Usinidhihaki."

"Sikudhihaki. Ingekuwa mbaya, kazi yetu ingekuwa rahisi."

Nilirudi ndani kabla hajaniona nikicheka.

Alasiri alikuja askari, mtu wa kwetu hapo hapo aliyefuga sharubu za kizungu. Mwenye duka la jirani alikuwa amekwisha kumwambia maneno mawili asubuhi, na mpwa aliyekaa mlangoni pake akapelekwa korokoroni.

"Seth," askari alimwambia mume wangu, kama matajiri wote wa maduka waitwavyo, "sema tu kwamba huyu anakuzuilia biashara. Namwondoa sasa hivi, na kesho unauza kama kawaida."

Nilikuwa nyuma ya pazia, nikimwomba mume wangu kimoyomoyo aseme. Sema, baba watoto. Msimu unatupita. Kisha nikamwona Ichha. Hakumtazama askari, wala hakumtazama mjomba wake. Aliivuta miguu yake taratibu akaificha chini ya sari, ili mjomba asiione wakati wa kumkana.

Hapo hasira yote iliniishia. Nilishusha ushungi hadi kidevuni nikatoka, mimi ambaye sikuwahi kusema na mwanamume wa nje tangu niolewe.

"Huyu ni mpwa wetu," nilisema. "Amekuja kula kwa mjomba wake. Serikali imelipiga marufuku na hilo?"

"Mama, amekaa mlangoni pa duka."

"Duka gani?" aliuliza mume wangu. Sauti yake ilikuwa kavu. Alivuta milango, akapachika kufuli, akalifunga. "Mimi hapa sioni duka."

Askari alitutazama mmoja mmoja, akatwambia kwamba ukoo mzima tuna wazimu, akaenda zake. Mume wangu aliinama akaigusa miguu ya mpwa wake, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Sikumwuliza kama alikuwa akililia marobota.

Tulikula pale pale kizingitini. Bamia zilikuwa zimepoa na chapati zimekauka, na sikumbuki kama nimewahi kula kwa raha namna ile. Wapita njia walitusalimu, wengine wakisimama kulitazama lile kufuli. Ichha alifuta sahani kwa kipande cha mwisho, akanawa.

"Kesho nitakuja tena," alisema.

Mume wangu aliacha kutafuna. "Kufanya nini? Si nimekwisha kufunga?"

"Kula, Mjomba."

Alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Sikujua mwezi ujao tungepika nini. Niliingia jikoni, nikapima dengu za kuloweka kwa ajili ya kesho, kisha nikaongeza konzi moja.