Siku Arobaini na Moja za Kunyamaza

Kwetu Mysore mke hamtaji mumewe jina, kwa hiyo wangu nitamwita huyu mzee. Huyu mzee amefundisha yoga sebuleni kwetu miaka thelathini, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika. "Nyoosha goti! Vuta pumzi! We, unalala?" Basi alipoweka nadhiri ya kunyamaza siku arobaini na moja, majirani walinipa hongera. Hongera ya nini? Nyumba bila kelele zake ilinishinda.

Sababu niliijua mimi peke yangu. Gerda, mwanafunzi wetu kutoka Vienna, alishikwa na homa ya matumbo mpaka akawa hajitambui. Alikuwa amekaa kwetu miaka minne. Sisi hatukujaliwa mtoto, na Mungu anisamehe, nilishamhesabu wangu. Huyu mzee akapanda ngazi zote za mlima wa Chamundi, akamwahidi Mama wa mlimani, mungu wetu wa kike: mtoto akipona, nitanyamaza. Nami akaniapisha nisimwambie mtu. Mtoto akapona, bwana akafunga mdomo.

Taabu ikaja siku ya thelathini na nane. Kibali cha Gerda cha kukaa nchini kilikuwa kimekwisha, na treni yake ilikuwa saa nne asubuhi hiyo. Kwao walikuwa wanamsubiri awafundishe, hata ukumbi wameshapata. Lakini kwetu hufundishi mpaka mwalimu wako akutamkie kwa kinywa chake: nenda kafundishe. Kuandika hakutoshi, wala kutikisa kichwa.

Gerda alinikuta jikoni nikimfungia wali wa ndimu kwenye jani la mgomba.

"Mama, Mwalimu kanikasirikia."

"Nani kakwambia?"

"Nadhiri gani hii, inaanza tu nilipopona? Hajanisemesha hata neno. Kaona sifai. Basi, nikifika narudi posta kuuza stempu."

"Posta! Miguu yote hiyo uliyoikunja miaka minne, ukauze stempu?"

Akacheka huku analia. Ulimi uliniwasha, jamani, lakini kiapo ni kiapo. Nikaenda sebuleni. Mzee kaketi mkekani, kafumba macho, eti hasikii.

"Unasikia vizuri sana," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mtoto anaondoka akidhani humtaki. Najua zimebaki siku tatu. Najua unaogopa homa itamrudia. Hata mimi naogopa. Lakini yule wa mlimani ni mama, we mzee! Atamuua mtoto kwa sababu baba yake kamuaga?"

Hakufumbua macho.

Gerda akaja na sanduku lake. Akapiga magoti, akaweka paji la uso juu ya miguu ya mzee, akangoja. Alingoja mpaka mwenye gari la farasi akaita mara ya pili kutoka barabarani. Kisha akainuka, akashika mlango.

"Goti!"

Gerda akaganda pale pale.

"Umeinuka vibaya. Goti la kushoto, nimekwambia mara ngapi?" Sauti ilikuwa imekauka, inakwaruza. "Nenda kafundishe. Na ukikosea, waambie ni mimi niliyekufundisha hivyo."

Walilia wote wawili, na mimi nikawagombeza kwamba treni itaondoka, huku nafuta macho kwa sari.

Gari lilipopotea, mzee akachukua fimbo yake kwenda mlimani kuomba radhi na kuanza upya, siku ya kwanza. Nikamfuata. Alinitazama kwa kushangaa. Tulipofika juu nikamwambia Mama mbele yake: safari hii tunanyamaza wawili, mtoto afike mzima. Mimi, na mdomo wangu huu! Majirani walicheka mpaka wakachoka.

Siku ya arobaini barua ikafika. Tuliisoma pamoja, vichwa vimegusana. Yu mzima, ana wanafunzi tisa, na kila anayeinuka vibaya anampigia kelele: goti! Mzee akanishika mkono akaubana sana, nami nikaubana wake. Hakuna aliyesema neno.