Kufuli la Nje

Apolinaria hakuwa mwongo. Tuanzie hapo, maana mtu akisikia alichofanya Alhamisi ile ya Oktoba anaweza kumdhania mengine. Katika miaka hamsini na miwili ya maisha yake, uongo wake mkubwa ulikuwa kumwambia mteja kwamba asali ni ya msimu huu kumbe ni ya mwaka jana, na hata huo aliuungama kwa padri.

Mumewe, Ambrosi, fundi mwashi aliyejenga kuta nyingi tu hapo mtaani Kanyenye, Tabora, alipigwa kiharusi Agosti ya mwaka uliotangulia. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakaenda nao. Kwa miezi kumi na minne Apolinaria alimgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akafua shuka asubuhi na jioni, na katikati ya hayo akakimbia sokoni kuuza asali. Mwanzoni alisali huku akifanya kazi. Baadaye akawa anasali akimaliza kazi. Kisha kazi zikawa haziishi, na sala ikakosa zamu. Tangu Pasaka hakuwa ameigusa rozari. Ilining'inia msumarini juu ya kitanda, na kila alipomgeuza mumewe aliiona, akatazama pembeni kama anayekutana njiani na rafiki aliyemsengenya.

Sasa, Oktoba ni mwezi wa rozari. Katika jumuiya yao ya Kikatoliki sanamu ya Bikira Maria huhama nyumba hadi nyumba: jioni watu husali kwa mwenye zamu, sanamu hulala hapo, na kesho yake husindikizwa kwa mwingine. Nyumba inayompokea Mama hupigwa deki, na meza hutandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Alhamisi hiyo zamu ilikuwa ya Apolinaria. Meza yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa imebeba ndoo, beseni, matambara na chupa ya mkojo. Nyumba ilinuka. Yeye mwenyewe alinuka, na alijua.

Lakini angeweza kufungua madirisha. Alichokiogopa zaidi ni kutazamwa. Watu wa jumuiya walikuwa wema, hilo halina ubishi. Walileta sukari, walileta sabuni, na kila mmoja kabla ya kuondoka alimshika bega akamwambia, "Vumilia, Mama Adriano, Mungu ana makusudi yake." Adriano ni mwanawe wa kwanza, yule wa Dar es Salaam, anayepiga simu Jumapili. Basi alivumilia, akavumilia, hadi neno lenyewe likawa linamtia kichefuchefu. Na angemwambia nani? Yeye ni mke wa Ambrosi, mwenyekiti wa zamani wa jumuiya, mtu aliyekuwa akisimama mbele za watu kuwaonya wasilegee katika imani. Mke wa mtu kama huyo halegei. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Saa kumi alasiri alivuka uwanja kwenda kwa jirani yake, Mwanajuma, mjane muuza vitumbua ambaye ukoo wake uko Tabora tangu enzi za misafara, na hakuruhusu mtu alisahau hilo. Alimkuta akimenya viazi vitamu.

"Shoga, nina shida. Nifungie mlango kwa nje."

"Nikufungie wewe na mgonjwa, kama mbuzi?"

"Wenzangu wanakuja na sanamu. Waambie tumekwenda kijijini Choma, kwa ndugu zake Baba Adriano."

Mwanajuma akaweka kisu chini. "Leo Alhamisi, nimefunga sunna. Unataka nifuturu uongo?"

"Leo tu, Mwanajuma. Siwezi. Nimechoka hata kutazamwa."

Mwanajuma alimtazama kidogo, kisha akageuza macho, kwa huruma. "Kufuli nitafunga," alisema. "Uongo siusemi. Wakiniuliza nitajua la kuwajibu."

Basi mlango ukafungwa. Apolinaria alisikia kufuli likilia kwa nje, kisha ndara za Mwanajuma zikienda zake. Alipata nafuu, nayo ilidumu muda wa kunywa maji kikombe kimoja. Aliketi sakafuni karibu na kitanda. Ambrosi alikuwa macho.

"Usinitazame hivyo," alimnong'oneza. "Ni leo tu."

Walikuja wakiimba. Akatambua sauti moja moja: Mzee Tobias, mwenyekiti wa sasa, na juu ya sauti zote Recheli, ambaye aliolewa kutoka kwa Wamoraviani na, kama ilivyo kawaida ya waliohamia, aliijua litania kuliko waliozaliwa nayo.

"Hodi! Tumsifu Yesu Kristo!" Tobias aliita.

Ulimi wa Apolinaria ulijinyanyua wenyewe kuitikia. Akauuma.

"Mbona kufuli?" Recheli aliuliza. "Bi Mwanajuma, habari za jioni? Jirani yako yuko wapi?"

"Kufuli si mnaliona?"

"Tunaliona. Wamekwenda wapi?"

"Mie nimefunga, Recheli. Aliyefunga hapigi porojo."

Kukawa na minong'ono. Apolinaria alingoja asikie miguu ikiondoka. Badala yake akasikia Mzee Tobias akisema taratibu, "Zamu ni ya nyumba hii. Tutasali hapa hapa barazani. Bi Mwanajuma, tuazime kigoda tumweke Mama."

Kwa hiyo walisali rozari nzima mlangoni pake. Salamu Maria hamsini, zote zikipita katika nyufa za mbao kama moshi wa jirani. Mtu alikuwa ameegemea mlango, maana ubao ulilia kila alipojigeuza. Apolinaria hakuweza kupiga chafya wala kuhamisha mguu uliokufa ganzi. Kabla ya fumbo la tano Recheli aliomba nia yake kwa sauti: "Kwa Mama Adriano. Nilipofiwa na mwanangu alilala kwangu siku saba, akanifulia hadi kanga zangu za msiba. Bwana umkumbuke, popote alipo." Popote alipo! Alikuwa hatua mbili kutoka kwake, amejikunyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Uso ulimwaka moto.

Wakaingia litania. Recheli alitaja, wengine wakaitikia.

"Kiti cha hekima."

"Utuombee."

Na kitandani, nyuma ya mgongo wa Apolinaria, kitu kikasema: "...mbee."

Aligeuka. Ambrosi alikuwa amekaza macho juu ya dari, shingo imesimama mishipa.

"Sababu ya furaha yetu."

"Tu-ombee," alisema Ambrosi. Sauti ilikuwa nzito, ikijiburura kama sanduku linalovutwa sakafuni, lakini lilikuwa neno. Kwa miezi kumi na minne hakuwa ametoa ila "aa" ya njaa na "aa" ya maumivu.

Mke mwingine angepiga vigelegele. Apolinaria alimrukia akamziba mdomo.

Alimziba kwa kiganja chote, akakandamiza. Nje litania iliendelea, na Ambrosi hakupigana naye. Aliendelea tu kuitikia. Kila Recheli alipotaja, midomo ile ilicheza ndani ya kiganja, imelowa, ikiunda neno lisilo na mahali pa kutokea. Chozi lilimtoka jicho la kushoto, likashuka likafika kwenye vidole vya mkewe.

Hapo Apolinaria akauona mkono wake. Ulikuwa mkono ule ule wa kijiko na uji. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Aibu ya ndoo na harufu ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii. Kumbe mtu anaweza kuchoka hadi akamnyima mgonjwa sala yake? Aliondoa mkono upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Sema," alimnong'oneza. "Sema tena, baba. Nisamehe. Sema."

"Afya ya wagonjwa," alitaja Recheli.

Nje waliitikia. Ambrosi alikuwa amefunga midomo. Alikuwa akiutazama ule mkono.

"Kimbilio la wakosefu."

Wakaitikia, wakanyamaza kungoja lifuatalo. Na katika kimya hicho, peke yake, amechelewa, kwa sauti kavu kama ya mtu aliyetoka usingizini, Apolinaria akasema kwa nguvu: "Utuombee."

Recheli hakuendelea. Kisha zikasikika ndara, na Mwanajuma akija anajitetea kabla hajaulizwa: "Mie sikusema uongo. Niliwaambia kufuli mnaliona. Nipisheni."

Mlango ulipofunguka, mwanga wa jioni ulimpiga usoni. Watu kumi na mmoja walikuwa wamepiga magoti barazani. Mzee Tobias alijiinua, akishika kiuno.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Apolinaria.

"Marahaba, mama."

"Tulikuwemo."

"Tulijua." Mzee Tobias alionyesha kwa kidevu kamba ya nguo uwanjani, ambako shuka za Ambrosi zilikuwa bado zinachuruzika maji. "Aliyekwenda mbali haachi nguo zinatiririka."

Wawili watatu walicheka kidogo, bila ubaya, na hilo lilimuunguza zaidi. Walijua tangu mwanzo! Wamepiga magoti kwenye saruji nusu saa nzima, wakiuombea mlango ambao walijua una watu nyuma yake.

Recheli alikuwa ameshachungulia ndani. "Tena tulimsikia Baba Adriano! Aliitikia mara mbili, mie na masikio yangu. Halafu akanyamaza ghafla. Amepatwa na nini?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini: alichoka. Neno moja tu. Wangelipokea, wangemshukuru Mungu, na mambo yangeishia hapo. Hakuna aliyeona ila Ambrosi, na Ambrosi hasemi. Apolinaria alimtazama mumewe. Akautazama mkono wake, ambao bado ulikuwa na umajimaji.

"Nilimziba mdomo," alisema. "Kwa mkono huu. Ili msijue kwamba tumo."

Mtu mmoja nyuma alisema "Mama yangu!" kwa sauti ya chini. Apolinaria alikwisha kufungua, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Sijasali tangu Pasaka. Msiniambie nivumilie. Nimechoka. Sikuchoka na kumuuguza huyu tu. Nimechoka na Mungu mwenyewe, na nilikuwa naona aibu kuwaambia."

Alingoja mtu amshike bega. Hakuna aliyethubutu. Mzee Tobias alihamisha sanamu kutoka mkono huu kwenda huu, akakohoa.

"Babu yake Baba Adriano alikuwa mpagazi wa njia ya Ujiji," alisema. "Mumeo alipokuwa mwenyekiti alipenda kutusimulia. Mpagazi akichoka, husema, jamani, nitueni. Wenzake humtua mzigo, wakakaa naye, kisha wakamtwika tena. Anayejificha porini na mzigo wake ndiye anayekutwa na simba. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na sisi tulikuona unayumba, hatukukuuliza. Tulileta sukari." Aliinamisha kichwa, mzee wa watu. "Sukari ni rahisi, mama. Tusamehe na sisi."

Recheli hakungoja maneno yaishe. Alimpita mlangoni, akaenda moja kwa moja mezani, akashika ndoo na ile chupa.

"Acha, Recheli! Nitatoa mwenyewe!"

"Nipishe, mayu," alisema Recheli, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Wewe kanga zangu za msiba ulizifua kwa mikono ya nani?"

Akatoka nazo peupe, mbele ya watu wote, na Apolinaria akatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Mtu alifuta meza kwa upindo wa kitenge chake, sanamu ikawekwa juu ya mbao zenye unyevu, bila kitambaa wala maua. Wakabanana ndani, wengine barazani, wakapiga magoti. Nyumba ilikuwa bado inanuka.

"Tulikuwa tumefika wapi?" aliuliza Tobias.

Recheli, aliyerudi na mikono iliyolowa, alimtazama Apolinaria. "Ongoza wewe."

Apolinaria alipiga magoti pembeni ya kitanda. Mikono yake aliiweka juu ya shuka, mahali ambapo mumewe angeiona vizuri, na hakuisogeza.

"Afya ya wagonjwa," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Hawakuwa wamepatana, lakini wote walifunga vinywa, wakangoja. Nzi alizunguka juu ya uji uliobaki. Ambrosi aliitazama mikono ile, akamtazama mkewe, akarudi tena kwenye mikono. Kifua chake kilipanda.

"Tu... tuombee," alisema.

"Utuombee," wakasema wengine wote nyuma yake, na Apolinaria akalia waziwazi, kamasi na machozi, huku akitaja lifuatalo. Uchovu ulikuwa pale pale, na aibu ilikuwa pale pale. Alisali navyo vyote viwili.

Watu walipoanza kutawanyika, Recheli alikwisha kuzianua zile shuka, akazibeba kwenda kuzikausha kwake, bila kuomba ruhusa. Mwanajuma alikuwa amesimama barazani na kigoda chake mkono mmoja, kufuli mkono mwingine. Adhana ya magharibi ilianza.

"Nenda ukafuturu, shoga," alisema Apolinaria. "Nimekuharibia funga yako."

"Haikuharibika. Nilisema lililoonekana." Alimnyooshea kufuli. "Hili je? Nikuachie?"

Apolinaria alilitazama.

"Kaa nalo."

"Na siku ukichoka tena?"

"Nitakuja kwako kukuambia."

Mwanajuma alilifunga kufuli kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo, akaenda kufuturu.