Mtani Aliyelala Njiani

Kama kuna kitu katekista Hilari alikichoka pale Tura, ni chafya.

Ilianza siku ya Pasaka. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, anawahi kufungua kanisa, akamkuta Malogo amelala kifudifudi katikati ya njia, kimya. Malogo alikuwa Mgogo, kibarua wa reli mwenye mvi kichwa kizima, na alikuwa mtani wake. Wanyamwezi na Wagogo wanataniana tangu enzi za misafara, wazee wa Hilari walipokuwa wakikatiza Ugogo na pembe za ndovu za Waarabu mabegani. Wanatukanana badala ya kuamkiana, wananyang'anyana kuku, wanazikana, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Hilari alikuwa anayajua hayo yote, lakini siku ya Pasaka moyo wa mtu ni laini. Alipiga magoti vumbini na kanzu yake, akaanza kumsomea sala ya wanaokufa, kwa sauti, na machozi yakamtoka. Alipofika katikati, marehemu akapiga chafya.

"Endelea, punda wa Waarabu," Malogo akasema bila kufumbua macho. "Sala yenyewe tamu."

Tangu siku ile kila Hilari akipita mtu alipiga chafya. Walipiga watoto, walipiga wanawake kisimani, na mara moja alipiga mkewe mwenyewe, Apolinaria, akasingizia moshi. Hilari akacheka pamoja nao, maana ndio utani, lakini ndani kabisa alikuwa amejiwekea nadhiri: Mgogo hatanipigisha magoti tena.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ya vita vile vya pili, na mvua ilikuwa imewatupa mkono watu wa Ugogo. Waliobahatika walikuja na gari la moshi. Wengine walikuja kwa miguu, kwa njia ile ya zamani ya misafara, wakakatiza pori la Mgunda Mkali kutafuta mtama Unyamwezi. Wengi wao walifikia kwa Malogo na wenzake, kambini pa vibarua wa reli.

Jumamosi moja ya kiangazi Hilari alikuwa anarudi Tura kwa njia hiyohiyo, akitokea kijiji cha upande wa mashariki alikokuwa akifundisha wakatekumeni, watu wanaojiandaa kubatizwa. Alikuwa anatembea huku anasema peke yake. Msimwone wa ajabu: kesho yake Injili ilikuwa ya Msamaria mwema, padri alikuwa haji Tura ila kwa nadra, na kuieleza Injili ilikuwa kazi ya katekista, mwalimu wa dini. Hilari alijua kueleza, na alijua kwamba anajua. Kilichokuwa kinamtatiza ni huyo Msamaria. Watu wa Tura wamwone wapi Msamaria? Ndipo likamjia wazo: atawaambia Msamaria ni kama Mgogo. Watacheka kwanza, halafu itawaingia. Wazo lilimfurahisha hata akaongeza mwendo.

Mbele yake, kando ya njia, mtu alikuwa amelala.

Alikuwa Mgogo, masikio yake yaliyotobolewa tundu kubwa yalitosha kumtambulisha. Amelala ubavu, shavu ameliweka juu ya kiatu chake kimoja cha ngozi kama mto, mkono ameukunja juu ya kichwa kuzuia jua. Miguu ilikuwa imeingia njiani, mmoja na kiatu, mmoja mtupu. Hilari akasimama. Hakumwangalia sana yule mtu. Aliangalia vichaka, maana reli haikuwa mbali, akamtafuta Malogo na genge lake wamejificha wapi.

"Mtani," yule mtu akasema, sauti imekauka. "Maji."

Hilari akacheka, tena kwa nguvu, ili waliojificha wasikie. "Maji yenu mmeyaacha Ugogo! Rudi ukanywe hukohuko! Na Malogo mwambie leo sisali!" Akamruka miguu, akapita.

Mpaka hapo ni kosa la mtu aliyepigiwa chafya za kutosha, na mwenye huruma angelisamehe. Lakini nyuma yake hakuna aliyecheka, na hakuna aliyepiga chafya. Hilari akarudi, akainama. Sisimizi walikuwa wanapanda kwenye shavu la yule mtu, wanaingia pembeni mwa jicho lililofumba nusu, na yule mtu hawafuti. Hakuna Mgogo wala Mnyamwezi anayetania namna hiyo. Hilari alijua. Liwekwe wazi jambo hili, kwa sababu baadaye alihangaika sana kujidanganya: alijua.

Akasimama pale na mawazo yakaanza kumletea sababu, moja nyuma ya nyingine. Huenda ni malale. Huenda ni ndui, na yeye ana watu wa kufundisha. Na ambebe vipi sasa, baada ya kumcheka vile? Na kama Malogo kweli yuko kichakani, anamngoja tu apige magoti? Hii ya mwisho ndiyo iliyomwondoa, ingawa ndiyo aliyoiamini kidogo kuliko zote. Aliondoka haraka. Kibuyu chake kilikuwa bado na maji, kikawa kinamgonga nyonga njia nzima.

"Njiani kwema?" Apolinaria akamuuliza.

"Kwema. Hakuna kitu."

Kesho yake alieleza Injili kuliko siku zote. Aliposema Msamaria ni kama Mgogo, ila matusi yake na Wayahudi yalikuwa ya chuki kwelikweli, kanisa zima lilicheka. Aliposimulia kuhani alivyopita upande wa pili, alirudia maneno hayo mara mbili, na bibi mmoja wa mbele akajipangusa macho akidhani mwalimu ameguswa na neno la Mungu. Akawauliza, "Sasa nani alikuwa jirani yake?" Wakamjibu kwa pamoja, "Mgogo!"

Na Mgogo akatokea mlangoni. Malogo alikuwa ameshika kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hapakuwa na mzaha usoni mwake.

"Mtani, samahani, sikuja kutania," akasema. "Jana jioni nilipotoka kukagua reli nimemkuta ndugu yetu ameanguka kwenye njia ya zamani. Nimembeba mpaka kambini. Yuko hai, lakini kidogo. Naomba maziwa kwa mwenye ng'ombe."

Watu waliinuka wote pamoja, Injili bado ya moto vifuani mwao. Hilari aliwatangulia, karibu anakimbia, na nyuma yake alisikia mtu akisema, "Mnaona mwalimu wetu? Akisema anatenda." Neno lile lilimchoma kuliko chafya zote za mwaka ule.

Kambini alipiga magoti kando ya mkeka bila kuombwa na mtu. Alimnywesha yule mgonjwa maziwa kwa kijiko, mengine yanamwagika kidevuni. Mgonjwa alifumbua macho, akamtazama, na akaendelea kumtazama. Hilari akaanza kusali moyoni, kwa nguvu zake zote: Mungu wangu, apone. Na chini ya sala hiyo kulikuwa na nyingine aliyojaribu kuinyamazisha, nayo ikakataa kunyamaza: asiseme. Ilifika mahali hakujua tena anaomba ipi. Akipona, atasema. Asiposema, ni kwamba amekufa. Siku ile na iliyofuata Hilari alikwenda na kurudi, akapeleka uji, akapeleka blanketi la kitandani kwake mwenyewe, Apolinaria akalala bila blanketi kwa moyo mkunjufu kwa kuwa mumewe ni mtu wa huruma. Kila alipoingia aliangalia kwanza midomo ya mgonjwa kama inacheza.

Jumanne asubuhi Apolinaria alirudi kutoka kambini, akatua ndoo. "Amekufa," akasema. "Ameweza kutaja jina tu. Chilewa. Na kwamba ameacha watoto Kilimatinde."

Hilari akashusha pumzi. Ilimtoka kabla hajaizuia, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, na Apolinaria akamshika bega akamwambia pole. Hapo hakuweza kuvumilia. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta, akafunika uso kwa mikono miwili kwa aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona zaidi ya kuku.

Mgogo akifia Unyamwezi, watani ndio wachimba kaburi. Na watani hawachimbi tu; mmoja wao lazima amwigize marehemu, alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akisema, ili wafiwa wapate kucheka hata kidogo katikati ya kilio. Bila hivyo mazishi yana upungufu. Waliochimba walikuwa vijana wa Hilari wa kanisani, na ulipofika wakati wa kuigiza kila mtu akamgeukia mwalimu.

"Sikumjua," Hilari akasema.

"Sisi sote hatukumjua," akajibu kibarua mmoja. "Igiza Mgogo yeyote aliyechoka. Tucheke tumzike."

Hakukuwa na njia ya kukataa. Akajilaza chini kando ya kaburi, haraka, ili yaishe. Hakufikiri, na labda hilo ndilo lililomponza, kwa sababu mwili wake ulifanya kile macho yake yalichokuwa yakikiona tangu Jumamosi, akiwa kazini, akiwa mezani, akiwa amefumba macho anasali. Alilala ubavu. Alivua kiatu kimoja, akakiweka chini ya shavu. Alikunja mkono juu ya kichwa. "Mtani," akasema kwa sauti iliyokauka. "Maji."

Watu waliangua kicheko, Wagogo kwa Wanyamwezi. Kiatu kile! Mwalimu kumbe anaweza! Wengine walishikana mabega. Malogo peke yake hakucheka. Alikuja akachuchumaa karibu na kichwa cha Hilari, na kwa kuwa wengine walikuwa bado wanacheka, hakuna mwingine aliyesikia.

"Nani alikuonyesha alivyolala?"

Hilari alikivuta kiatu kutoka chini ya shavu.

"Nilikuwa peke yangu nilipomkuta. Kiatu alichokilalia nilikiacha kulekule, sikuwa na mkono wa kukishika. Aliniambia. Jumamosi, nikiwa nimembeba. Alisema kuna mtu alipita, yeye akamwomba maji akimwita mtani, yule mtu akacheka. Nikamwambia hapana ndugu yangu, hiyo ni njaa, njaa humwotesha mtu. Watu wa huku ni watani zetu, nikamwambia. Hawawezi."

Kisha akainuka, akashika jembe, akasaidia kufukia.

Hilari alingoja afichuliwe. Alingoja siku ile, akangoja wiki nzima, na kila akisikia watu wawili wananong'ona alikuwa na hakika ni yeye anayesemwa. Ndiyo, alikuwa anasemwa: blanketi lake, uji wake, jinsi alivyowachekesha wafiwa. Padri alipokuja alimshika mkono mbele ya waumini wote, akamsifu. Hilari alimwungamia padri huyohuyo, akapewa maondoleo, akaenda nyumbani na mzigo wake uleule, kwa sababu aliyekosewa hakuwa padri. Malogo hakuwa amemwambia mtu hata mmoja.

Walikutana tena siku ya gulio, kwenye njia ya kutoka stesheni, watu wengi wakipita huku na huku. Hilari alimwona kutoka mbali na moyo ukamwenda mbio. Alikuwa radhi kwa lolote. Alitamani atukanwe yeye, baba yake, babu yake na pembe zote walizobeba mpaka pwani. Akaanza yeye, kwa sauti ya furaha ambayo hata yeye aliisikia ni ya uongo.

"Mgogo wewe! Mbona leo hulali njiani?"

Malogo alitoka njiani, akasimama kwenye majani kumpisha. Alivua kofia. Mzee yule mwenye mvi akainamisha kichwa mbele ya kijana aliyeweza kuwa mwanawe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Malogo," Hilari akanong'ona. "Nitukane."

"Shikamoo, Mwalimu."

Watu walikuwa wamesimama wanatazama, wanapendezwa na heshima anayopewa katekista wao, wanangoja aitikie. Hilari akaitikia.

"Marahaba."