Kiu ya Baba Anande

Kandida alikuwa mtu wa kushika sheria, na katika sheria zote za Kanisa, aliyoishika kwa mikono miwili ni ile ya kufunga kabla ya Komunyo. Tangu saa sita ya usiku mtu asile wala asinywe, hata tone. Alifundishwa hivyo huko kwao Kibosho na katekista mmoja mkali, ambaye Jumapili asubuhi alisimama mlangoni pa kanisa akiwaamuru watoto watoe ulimi aukague. Siku moja Kandida mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, alirudishwa nyumbani kwa kuwa alikiri kwamba alisukutua kinywa na huenda maji kidogo yameteremka. Hakulia. Alishuka njia yote hadi kwao akiona katekista ana haki, na tangu hapo hakusukutua tena siku ya kupokea. Ndivyo alivyokuwa. Aliyetaka kubishana naye juu ya mambo ya dini ilimpasa ajipange vizuri, na hata akijipanga alishindwa.

Sasa mumewe Dismasi alikuwa anakufa, na jambo moja tu ndilo alilokuwa akiliomba: apokee Komunyo ya mwisho kabla hajaondoka.

Walikuwa wakikaa Sakina, nje kidogo ya mji, kando ya barabara ya Nairobi, miaka ile ya Waingereza kabla ya vita vya pili. Dismasi alikuwa seremala katika karakana ya Surjit Singh, mtu mpole, mkono mzuri, maneno machache. Binti yao wa pekee, Anande, alikuwa ameolewa huko huko Kibosho, na habari za ugonjwa zilikuwa bado njiani. Masika ya mwaka ule Dismasi alilowa mvua siku tatu mfululizo akipaua nyumba ya mtu, na ya nne akaamka na kichomi. Mganga wa hospitali alimsikiliza kifua, akatoa dawa ya chupa, kisha akamwita Kandida pembeni akamwambia kama wao ni watu wa padre basi wamwite padre.

Aliyekwenda kumwita ni jirani yao Eliasi, Mmeru na Mlutheri wa tangu babu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na baiskeli. Kandida alimfundisha kusema “Tumsifu Yesu Kristo” ili bawabu wa misheni asimzungushe, na Eliasi alikwenda akilikariri njia nzima. Alirudi Jumanne jioni na jibu: Padre Albani atakuja kesho, Jumatano, mara tu baada ya Misa ya asubuhi. Saa mbili atakuwa amefika. Atamletea Dismasi Komunyo, na Kandida naye, akiwa amefunga, atapokea pamoja na mumewe.

Nyumba haikuwa na saa. Kandida aliona heri kuwahi kuliko kukosea, na taa ilipowashwa tu jioni ile akampa Dismasi kikombe cha maji, akamwambia hicho ndicho cha mwisho mpaka Padre aje. Dismasi alikinywa chote akaitikia kwa kichwa. Naye Kandida akanywa chake, akafunika mtungi.

Asubuhi aliandaa chumba kama inavyopasa. Meza ndogo aliyoichonga Dismasi mwenyewe aliiweka miguuni pa kitanda ili mgonjwa aione, akaitandika kitambaa cheupe, akasimamisha msalaba na mishumaa miwili, akaweka maji ya baraka na kitawi cha majani cha kunyunyizia. Mwisho aliweka glasi ya maji safi na kijiko, kwa ajili ya Padre kusafishia vidole baada ya kumkomunisha mgonjwa. Wao walikuwa na vikombe vya bati tu. Glasi ile aliiazima kwa mke wa Surjit Singh, akaisugua kwa majivu mpaka ikang’aa. Aliridhika na kazi yake, na haikumjia kabisa kwamba amemwekea mtu mwenye homa glasi ya maji mbele ya macho yake.

Saa mbili ikapita. Mvua ilikuwa ikinyesha ya kunyesha kweli, si manyunyu, na barabara ilikuwa imegeuka tope jekundu. Eunike, mke wa Eliasi, ambaye majirani humwita Mama Ruth, alikuja na kuni kavu chini ya kanga, akakaa. Hata jua la saa nne lisingeonekana, ila kwa kukisia ilikuwa yapata saa hiyo Dismasi alipofumbua macho.

“Mama Anande,” akasema. “Maji.”

Kandida aliinama akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba Padre yuko njiani, kwamba akinywa sasa hataweza kupokea, avumilie kidogo tu. Dismasi alimtazama, akafumba macho.

Eunike hakuamini masikio yake. Aliuliza kama maneno yale ni ya kweli au amesikia vibaya. Kandida akamjibu ni ya kweli. Eunike akasema mgonjwa yule anawaka moto, midomo imepasuka, na kwamba hajapata kusikia Mungu wa namna hiyo, wa kukasirikia maji. Ndipo Kandida akamjibu jibu ambalo alilijutia baadaye.

“Mama Ruth, kwenu mnakunywa chai kwanza ndipo mnakwenda mezani pa Bwana. Sisi hatufanyi hivyo.”

Mwingine angejitanda kanga yake akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Eunike alibaki pale pale juu ya kigoda, mikono kifuani, akimtazama mgonjwa.

Mchana Eliasi alitumwa tena mjini. Alirudi ameloa chapachapa na habari mbaya. Padre aliitwa alfajiri kwa mama mmoja aliyekuwa akijifungua kwa shida katika shamba la mzungu upande wa Tengeru, na mto umejaa, haupitiki. Alipeleka neno misheni kwa simu ya yule mzungu kwamba maji yakipungua tu atakwenda moja kwa moja Sakina.

Hapo Kandida aliingiwa na hofu ya kweli. Akimpa Dismasi maji sasa, na Padre akatokea baada ya nusu saa, Komunyo itasogezwa mpaka kesho. Na kwa namna pumzi ile ilivyokuwa ikikwama na kuanza upya, nani angemhakikishia kesho? Mtu aliyekaa naye miaka ishirini na sita, aliyempelekea mahari kwao kwa heshima zote, aende mbele ya Mungu bila chakula cha safari, kwa sababu mkewe alishindwa kumzuilia kikombe kimoja? Aliona ndiyo kazi aliyopewa siku ile, na hakuna wa kumsaidia kuifanya. Alishika Rozari akaanza kusali kwa sauti. Ulimi wake ulikuwa mzito, ukinata kwenye kaakaa, na Salamu Maria zilitoka nusunusu.

Katika fungu la tatu Dismasi aliinua mkono. Sauti haikutoka tena. Kidole chake kilielekea kwenye meza, kwenye glasi.

Kandida alisimama. Eunike naye akainuka, akidhani sasa moyo wake umelegea. Lakini Kandida aliichukua ile glasi akaiweka nyuma ya msalaba, akaifunika kwa ncha ya kitambaa, ili mumewe asiione. Alidhani anamhurumia. Mkono wa Dismasi ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka.

“Mungu wako na wangu ni mmoja, Mama Anande,” Eunike akasema polepole. “Na huyu ni mtu.” Akatoka akasimama barazani, na Kandida alimsikia akilia.

Kama saa tisa hivi pikipiki ikasikika barabarani. Padre Albani aliingia matope yamemfika magotini, mzungu mwembamba mwenye ndevu za mvi, na chini ya koti lake kifuani kulikuwa na kile alichokileta, kwa hiyo Kandida alipiga magoti pale pale mlangoni, kisha akainuka kuwasha mishumaa. Moyo wake ulijaa furaha. Mume wake alikuwa hai, alikuwa amefunga, na Bwana alikuwa amefika.

Kandida alitoka nje mgonjwa aungame. Maungamo hayakuchukua muda, maana Dismasi alijibu kwa kubana mkono wa Padre tu. Kandida akarudi ndani, mgonjwa akapakwa mafuta, zikasomwa sala za Kilatini ambazo Kandida alizifuata kwa moyo bila kuelewa neno. Kisha Padre akainua Komunyo akaiweka juu ya ulimi wa Dismasi.

Haikushuka. Dismasi alijaribu kumeza, koo likapanda na kushuka, macho yakamtoka. Ulimi ulikuwa mkavu kama ubao. Padre aliinama haraka, akaitoa kwa vidole viwili, akageuka.

“Amekunywa maji lini huyu?”

Kandida alijibu kwa fahari, na ni lazima isemwe kwamba ilikuwa fahari. “Tangu jana jioni, Padre. Hata tone.”

Padre hakupandisha sauti, na laiti angepandisha, ingekuwa afadhali.

“Mama, mgonjwa wa kufa hafungi. Kanisa halijamfunga kamwe. Angekunywa usiku kucha, angekunywa hata sasa hivi, na bado angepokea.”

Katekista wa Kibosho hakuwahi kulisema hilo. Alikuwa akifundisha watoto, na watoto hawakuwa wanakufa.

Padre aliuliza maji yako wapi. Eunike, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeingia, akapitisha mkono nyuma ya msalaba, akaitoa glasi. Padre akamega kipande kidogo sana cha Komunyo, akakitia katika kijiko cha maji, akakimiminia kinywani mwa Dismasi. Kikashuka. Akampa kijiko kingine, na kingine. Kila kijiko kilipoingia, Dismasi alikifuata kwa midomo kama mtoto mchanga, na Kandida alipoona hivyo kitu kilikatika ndani yake. Aliona siku nzima. Aliona ule mkono uliobaki hewani.

Padre alisogea kwake na Komunyo ya pili. Kandida akatikisa kichwa.

“Siwezi, Padre. Nimemnyima maji mtu anayekufa.”

Padre akamwambia alichokosea ni kutokujua, na kutokujua si dhambi. Maneno hayo Kandida aliyasikia, lakini hayakumfikia. Aliburuta magoti mpaka kichwani pa kitanda.

“Baba Anande, niliona nakusaidia. Unisamehe.”

Maji yalikuwa yamemrudishia Dismasi sauti kidogo. Ilibidi wote wainame wamsikie.

“Sitakudanganya, niliyataka,” akasema. “Niliyataka sana. Nilikukasirikia.” Akapumzika. “Halafu nikaona midomo yako. Na wewe hukunywa. Nikasema, kama mke wangu ameshika, ngoja nishike naye.” Akapumzika tena, mara hii zaidi. “Pokea, Mama Anande. Padre asirudi na Bwana.”

Kandida alipokea akilia, na kwa kweli kama si machozi yaliyomwingia kinywani sijui angemezaje. Alipomaliza kusali alimgeukia Eunike, akamwomba msamaha kwa lile neno la chai, kisha akamwomba maji. Eunike alimletea kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, akasimama kumtazama mpaka amekimaliza.

Padre aliondoka kabla mvua haijarudi. Mganga alikuwa ametoa siku moja, lakini Dismasi alikaa tatu. Kandida hakulala kitandani siku hizo, wala hakuwasha moto. Chakula kililetwa na Eunike. Alikaa kichwani pa mumewe na kikombe cha bati mapajani, na Anande alipofika kutoka Kibosho Ijumaa alimkuta mama yake hapo hapo, naye mama akakataa kupokewa zamu. Dismasi akafa Jumamosi, saa ya Malaika wa Bwana ya adhuhuri. Katika siku zile tatu hakuomba maji tena hata mara moja, kwa sababu kila alipofumbua macho kijiko kilikuwa tayari mdomoni.