Dole la Kornel

Wewe unayesoma, uligeuza uso. Usinikatalie. Leo asubuhi umepita mbele ya ndoo ya maji mlangoni, ukatazama juu kana kwamba kuna ndege, ukaingia na kumpa mwenzio mkono. Watu wa Nachingwea nao walifanya hivyo, ila wao ndoo hawakuwekewa. Waliwekewa kibati cha wino. Mimi sisahau, na kwa kuwa umeketi, sikiliza.

Jumatatu ya kwanza ya Julai mwaka 1957, saa mbili asubuhi, watu themanini walisimama kwenye mstari mbele ya ofisi ya karani, Nachingwea. Ulikuwa mwaka wa mafua makubwa, yaliyokuja kwa meli, yakapanda gari moshi, yakashuka stesheni pamoja na abiria wengine. Juu ya meza palikuwa na kitabu kipya, na kibati chenye kitambaa kilicholoweshwa wino wa zambarau. Karani, Mbaruku, alisoma amri kwa sauti. Mtu asikusanyike na wenzake. Asishike alichoshika mgonjwa. Anawe mikono kwa maji na sabuni. Kisha kila mmoja asogee atie dole gumba, kuthibitisha kwamba ameambiwa.

Fransisko, dresa wa zahanati, alikuwa akipita na kikapu cha chupa. Akasimama.

"Bwana karani, mbona hicho kibati ndicho hicho unachowakataza?"

"Dresa, mimi sikuandika amri. Nimepewa kitabu."

"Na maji ya kunawa?"

"Maji hayamo kitabuni."

Bomba lilikuwepo, hatua mia mbili kutoka pale, kwenye nyumba za wakubwa, likimwagilia majani. Geti lake lilikuwa na kufuli.

Kwenye mstari alikuwamo Kornel, mng'oa visiki tangu enzi za mashamba ya karanga. Shoka lilikuwa limemwachia kovu lililokatiza dole gumba lake la kulia na kupinda mwishoni kama mkia wa nge. Alikuwa akikohoa mpaka anashika magoti. Watu wakamwonea huruma. "Mpisheni mgonjwa," walisema, "atangulie akapumzike." Kornel akashukuru, akagusa wino, akatia dole, akaenda zake.

Wa pili alikuwa Abdalah mwenye mgahawa wa chai. Dole lililotokea kitabuni lilikuwa na kovu lililopinda kama mkia wa nge. La mtu wa tatu vivyo hivyo. Mbaruku aliliona jambo hilo alipofika mtu wa kumi. Akaupuliza ukurasa ukauke, akaendelea, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mstari una dole. Kuuliza dole ni la nani hakuagizwa.

Tangu siku ile dole la Kornel lilianza kutembea. Lilionekana kwenye vikombe vya Abdalah, kwenye makomeo ya milango, kwenye mpini wa jembe lililoazimwa. Waliopeana mikono walipeana na lenyewe. Lilipotua juu ya mtu, siku ya tatu homa ilimlaza. Kornel mwenyewe alifariki Alhamisi. Watu walimzika, wakapeana mikono ya pole, na kila mtu akarudi na alama ya marehemu kiganjani.

"Kornel hakuwa mchoyo," alisema mzee mmoja, akaenda nyumbani kula.

Ruangwa, dole lilifika na kibaba. Ulikuwa msimu wa ufuta, na kibaba kimoja cha kupimia kilizunguka soko zima, mkono hadi mkono. Mikidadi, mkulima wa Chinongwe, aliuza ufuta wake Jumamosi, akarudi nyumbani na dole moja katikati ya kiganja.

Mkewe, Mwanawetu, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mama wa Mwanawetu, Biasha binti Saadi, alikuwa mkunga wa kijiji, na wiki hiyo hakuwa na shughuli nyingine ila kumngojea mjukuu. Alipomwona Mikidadi mlangoni hakusema karibu.

"Mkwe wangu, nionyeshe mkono."

Aliutazama. Kwa miaka yake thelathini ya ukunga alijua kwamba yanayoingia chumba cha uzazi huingia na mikono. Akaleta beseni la kunawia, lile la wakati wa ugali, ambalo mkubwa huanza na mdogo humalizia. Mikidadi alipotumbukiza mkono, dole lilibanduka likaelea. Kisha yakawa madole manne, yakawa saba, yakaogelea pembeni mwa beseni yakingoja mkono unaofuata.

"Kumbe," alisema Biasha. "Tumekuwa tukinawishana ugonjwa."

Akayamwaga shimoni. Akachukua kibuyu, akakitoboa tundu moja, akakitundika nje ya mlango na chungu cha majivu pembeni, maana sabuni ilikuwa Ruangwa na ugonjwa nao ulikuwa Ruangwa. Maji yakachirizika juu ya kiganja chenye majivu. Dole likateleza, likaanguka, ardhi ikalinywa. Mikidadi akaenda kulala dunguni shambani siku saba, uji wake ukiachwa juu ya kisiki.

Jirani wa Biasha, Mwamina, alipaza sauti njia nzima isikie.

"Binti Saadi siku hizi anamwogopa mkwewe! Kwani ulimwoza mwanao kwa chatu?"

"Chatu ningemwona akija," alijibu Biasha. "Nawa ndipo uingie."

Mwamina alisonya, akanawa, akaingia.

Maji yalikuwa mwendo wa saa moja kwenda, na kurudi kuna mlima. Biasha aliyafuata alfajiri na alasiri. Mtoto alizaliwa Jumanne, wa kike. Bibi yake akambeba hadi penye mwanga, akamgeuza huku na huku. Shavu safi. Kitovu safi. Unyayo safi.

Siku ya tatu Mbaruku aliingia uani akikokota baisikeli, kitabu na kibati vimefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Mikono yake ilikuwa ya zambarau hadi viwikoni na macho mekundu kwa homa.

"Shikamoo, mama. Namtaka Mwanawetu, mke wa Mikidadi. Atie dole."

"Marahaba. Nawa kwanza, mwanangu."

Alinawa kwa muda mrefu. Chini ya kibuyu pakawa kama penye mzambarau uliopukutisha.

"Mwanawetu ni mzazi," Biasha alisema. "Ana kichanga cha siku tatu. Akigusa hicho kibati, atalileta dole mpaka kwenye ziwa analonyonyesha."

"Asipotia ni kosa, mama. Itaandikwa amekataa kuambiwa."

"Fungua kitabu. Hapa ametia nani?"

Mbaruku alitazama. "Kornel."

"Na hapa?"

"Kornel."

"Basi Kornel hahitaji mtu wa kumshikia mkono. Kiweke juani."

Kitabu kikawekwa juu ya mkeka wa ufuta. Mbaruku akapewa uji, chini ya mti, katika bakuli la peke yake. Alipomaliza, mstari wa Mwanawetu ulikuwa umekwisha kupata dole, na mistari yote ya Chinongwe chini yake. Alishukuru, akafunga kitabu, akaondoka. Kibati Biasha alikizika, mbali na kisima.

Mbaruku aliumwa siku tisa akapona. Alipopona aliwaandikia wakubwa: watu wasipangwe mstari, kibati kitupwe, kufuli la bomba lifunguliwe. Jibu lilikuja na halikutaja bomba. Kitabu kilikuwa kimechunguzwa kwa kioo cha kukuza, ikaonekana madole yote elfu moja na mia mbili ni ya mtu mmoja. Kornel akashtakiwa kwa kujifanya watu elfu moja na mia mbili. Askari wawili walikwenda makaburini na hati, wakamsomea kwa sauti, wakangoja kwa adabu. Siku ya kesi hakufika. Akaandikiwa kosa la pili.

Kisha kikatoka kitabu kingine, ili waliosalia watie upya, na kibati kikubwa kuliko cha kwanza. Bomba likaendelea kumwagilia majani. Mwezi wa Septemba mstari ulipangwa Chinongwe. Mwanawetu ameitwa kwa jina na mtoto yuko mgongoni. Shavu lake bado safi. Mbele yao mtu anakohoa mpaka anashika magoti, na watu, kwa ule wema wao, wanasema: mpisheni mgonjwa, atangulie.

Na wewe umo kwenye mstari huo. Usitazame juu, hakuna ndege. Mketishe mgonjwa kivulini, mpelekee uji kwa bakuli lake. Mikono yako imiminie maji, usiitumbukize. Halafu nenda mezani ukakiondoe kile kibati, na ukitoka hapo pitia penye kufuli. Usingoje kuambiwa, umeshaambiwa, dole lako limo kitabuni. Inuka. Karani ameanza kuita majina.