Onja Kwanza, Maman

"Kwa Védastine mutapita, maana njia ingine haiko," alisema Uwamahoro mwenye duka, akimpa Nishimwe chupa za maji na mkate. "Lakini kinywa yako ifunge. Usikunywe kitu pale. Hata maji."

"Kuna nini pale, Maman?"

"Mi sikusema kuna kitu." Uwamahoro alitazama nje ya duka kana kwamba kuna mtu amemwita. "Nasema tu usikunywe."

Duka lake lilikuwa mwanzo wa kijiji kipya, kando ya barabara ya Nkungu. Watu wa kijiji cha zamani walihamia hapo mwaka ule mabwawa mawili yalipochimbwa, moja chini bondeni na moja juu mlimani, ili wawe karibu na barabara na umeme. Wote walishuka isipokuwa Védastine. Nyumba yake ilibaki juu kule peke yake, na mwanamke anayebaki mlimani peke yake haulizwi sababu, anatungiwa. Isitoshe alikulia ng'ambo ya mpaka, Kongo, upande wa Kabare, kwa hiyo sababu ilikuwa tayari: amerudi na karuho.

Nishimwe naye alikulia ng'ambo, Bukavu, na aliijua karuho kabla hajajua kusoma. Ni sumu isiyo na haraka. Unakunywa, unashukuru, unakwenda zako, kisha unakauka taratibu mpaka watu wa kwenu waanze kunong'ona. Kwa mama yake, kutokula kwa jirani lilikuwa somo la kwanza la adabu. Alijua pia kwamba maneno anayosemwa Védastine yalisemwa juu ya mama yake mwenyewe waliporudi Rwanda. Kujua hivyo hakukumpunguzia hofu hata kidogo.

Na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kuogopa. Mgeni wake, bwana mmoja aitwaye Gisa, alitoka Kigali kuja kuikagua njia ya mlimani. Kampuni yake iliwapeleka watu kutembea milimani kila wikendi, na ilikuwa inatafuta njia mpya. Akiipenda, Nishimwe ndiye angekuwa mwongozaji. Asipoipenda, Nishimwe angerudi kumsaidia mama yake kuanika sambaza, wale dagaa wa ziwani, na diploma yake ya utalii ingeendelea kuning'inia ukutani juu ya redio.

Walianza asubuhi, bwawa la chini likiwa bado na ukungu. Gisa alikulia Kigoma. Alikuwa mnene kiasi, mcheshi, na buti zake mpya zililia kila hatua.

"Kiswahili chako kimenyooka sana," Nishimwe alimwambia. "Unaongea kama muntu anasoma habari."

"Na wewe unaongea kama mtu aliyemeza Kifaransa bila kutafuna."

"Sawa tu. Kiko yangu."

Walicheka, wakapanda. Juu ya bwawa la chini kilianza kijiji cha zamani. Kuta zilisimama bila mapaa, maboga yametambaa juu ya misingi. Njia ilipita katikati ya nyumba, moja kwa moja mahali ambapo zamani palikuwa na vizingiti. Kwa mbali nyuma yao ziwa Kivu lilionekana, na kisiwa cha Nkombo kikiwa kimelala ndani yake. Gisa alipiga picha, akasema wageni wake watapapenda.

Nishimwe aliona kitu kingine. Miti ya parachichi ilikuwa imejaa, na matunda yameoza chini. Kule chini watoto huyachuma yakiwa bado magumu kama mawe. Hapa hakuna aliyeyagusa. Ukuta wa mwisho ulipoisha, moshi ulionekana.

Uwanja wa Védastine ulibanwa kati ya jabali na bwawa la juu. Kupita pengine kulihitaji mbawa. Ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana, na haukuwa na alama ya mguu wa mtu. Mwenyewe alisimama mlangoni, mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kitenge cha kijani. Karibu naye palikuwa na stuli, na juu yake mtungi uliofunikwa na kikombe kimoja.

Amejuaje tunakuja, Nishimwe alijiuliza. Hakujiuliza kwamba kutoka pale juu njia yote ilionekana.

"Karibuni, bageni."

"Aksanti, Maman. Tunapita tu."

"Munapita wapi? Hii haiko barabara, ni kwangu." Sauti yake haikuwa ya ukali. "Bantu ya chini banapita hapa sawa vile banapita kwenye kaburi. Banageuza uso, banaziba pumzi. Nimechoka. Sasa nimeweka sheria: mwenye kupita, anakunywa. Hataki, arudi kwa njia yake."

Alifunua mtungi, akamimina. Ulikuwa ushera, kinywaji cha mtama kisicholevya, mzito na wa rangi ya udongo. Akamnyooshea Gisa kikombe kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Nishimwe aliposhtuka. Kwa desturi, mwenyeji huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, hata kama ni shemeji yake, hata kama ni padri. Mtoto mdogo analijua hilo. Védastine hakuonja. Alimimina na kutoa, kisha akarudi nyuma hatua moja, kama mtu asiyetaka hata harufu ya kile alichotoa.

Nishimwe aliangalia kucha zake, maana husemwa karuho hufichwa chini ya ukucha wa kidole gumba. Zilikuwa fupi kabisa. Amezikata lini, akawaza, na kwa nini?

Gisa alikuwa ameshapeleka kikombe mdomoni.

"Ngoja," alisema Nishimwe. Kisha, kwa upole aliojilazimisha: "Onja kwanza, Maman."

Gisa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Maji ya bwawa yaligonga jiwe.

"Siwezi," alisema Védastine.

"Juu ya nini?"

"Siwezi tu. Si kwa ubaya."

"Basi na siye hatuwezi, Maman. Unajua vile inakuwaga. Weye pia umekulia kule."

Macho ya Védastine yalihama kwenda mlimani, kisha yakarudi. Akachukua kikombe mikononi mwa Gisa na kunywa. Hakuonja, alikunywa chote mpaka mashapo ya chini, akafuta mdomo kwa kona ya kitenge, akamimina tena.

"Haya," alisema. "Umeona."

Gisa alikunywa, akasifu, akaomba kingine. Kikombe kilipomfikia Nishimwe, alikigusisha midomoni, akameza mate yake mwenyewe, akageuka kama anayetazama maji na kumwaga kilichomo kwenye majani. Alikuwa amekumbuka kwamba wenye karuho hula dawa yake kabla. Na ile kiu, ilikuwa ya nini?

Alipogeuka, Védastine alikuwa anayatazama majani. Aliwaachia njia.

Kutoka hapo Nishimwe hakuona tena mlima. Alimwona Gisa. Alihesabu anavyohema, akachungulia rangi ya midomo yake. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya mashamba ya chai Gisa aliketi ghafla, jasho likimtiririka, na akashika mguu.

"Ni tumbo?" aliuliza Nishimwe. "Unasikia kitu inakata?"

"Tumbo linatoka wapi? Ni buti." Alilivua, akaonyesha lengelenge kubwa kama kitufe cha koti. "Mbona unanitazama hivyo tangu kule? Unanitazama kama mtu anayengoja kurithi."

Nishimwe akamweleza karuho. Gisa alisikiliza, akicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo uliniacha ninywe kikombe cha pili," alisema.

Nishimwe aliinama, akamwokotea buti.

"Njia ni nzuri," Gisa alisema, akilivaa. "Na yule mama ni sehemu ya njia. Nataka wageni wangu wapumzike kwake, wanywe. Lakini watu wa mjini watakutazama wewe. Ukimwaga, watamwaga. Rudi ukamwombe atupokee Jumamosi, na ukanywe mbele yake. Ukishindwa, niambie tu, nitatafuta mwongozaji mwingine. Sitakuchukia."

Gari lilimchukua kwenye barabara ya chai. Nishimwe alirudi peke yake, akishuka kuelekea bwawa la juu.

Védastine alikuwa ameketi kwenye mkeka, anatoa maharagwe kwenye maganda. Hakuinua kichwa.

"Umesahau kumwaga ingine?"

"Hapana, Maman. Nimekuja kuomba." Akaeleza ya Gisa na Jumamosi. Hakusema samahani, neno lilikuwa dogo mno.

"Hata ungeniuliza vizuri, singekuambia," alisema Védastine. "Nilikuwa nafunga. Siku tatu, sili, sinywi, juu ya mutoto yangu Bimenyimana. Alienda Shabunda kutafuta dhahabu, simu yake haiite tena. Na kufunga haitangazwe, ni siri ya weye na Mungu. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Ilibaki jua izame tu." Alitupa ganda. "Ukanikunywesha."

Nishimwe alitafuta mahali pa kuweka macho. Wakati huo huo, chini kabisa ya aibu yake, kitu kilinong'ona: anasema hivyo, nani amehakikisha?

"Ungekataa, Maman. Ungetufukuza."

"Ningewafukuza, mungeshuka kusema nini kwa Uwamahoro?" Akapasua ganda lingine. "Nimeanza upya. Leo ni ya kwanza tena. Kwa hiyo ukitaka kunywa, mi sitaonja. Na sitaapa. Kikombe iko pale."

Mtungi ulikuwa bado kwenye stuli. Nishimwe aliusogelea. Angeweza kushuka sasa hivi, na mama yake angemsifu kwa akili. Alimimina. Ushera ulikuwa mchachu kidogo, wenye mchanga wa mtama chini. Alikunywa wote, akauhisi ukishuka, akaketi ukingoni mwa mkeka, mkono juu ya kitovu.

"Unasikiliza nini?" aliuliza Védastine.

"Tumbo."

"Inasema?"

"Bado haijasema."

Védastine akamsukumia rundo la maharagwe. "Basi uisikilize ukifanya kazi. Jumamosi ulete bantu wangapi?"

"Nane. Labda kumi."

"Ulete na vikombe. Mi niko na kimoja."

Nishimwe alipasua ganda la kwanza. Punje zilikuwa nyekundu, zenye madoa. Alizigeuza kiganjani, akazichunguza moja moja, kisha akazitia kwenye sufuria pamoja na nyingine.