Chupa Iliyomfuata Kapteni

Asubuhi ya kupimwa mkojo kutafuta dawa za kulevya, mlango wa choo cha wanawake kambini uliachwa wazi, umezuiwa kwa tofali, kama kanuni inavyotaka. Namba za walioangukiwa na bahati nasibu zilikuwa zimesomwa kwenye gwaride, na ukishasomwa huruhusiwi kurudi nyumbani hata kama umeacha jiko linawaka. Koplo wa karakana ya magari, ambaye kambi nzima ilimwita Spana, alikunywa maji mpaka tumbo likajaa, akasubiri zamu yake. Shahidi wake alikuwa sajini wa kike mwenye mafua. Kazi ya shahidi ni kuona kwa macho yake mkojo ukitoka mwilini na kuingia chupani.

"Basi usinitazame usoni," Spana alisema.

"Usoni sikutazami, dada. Kanuni haijataja uso."

Katika kambi hiyo chupa ya mkojo humjua mwenyewe. Mwenyewe akisogea kushoto, chupa nayo hujilaza na kujiviringisha kushoto. Ndiyo maana meza ya kupokelea ilipigiwa ubao pembeni kuzuia chupa zisianguke, na askari walitakiwa kusimama kimya nyuma ya mstari mweupe mpaka muhuri ubandikwe. Watu walilichukulia jambo hilo kama kero tu, mfano wa nzi.

Lebo yenye jina na namba ya askari ilitakiwa kubandikwa kwenye chupa, mbele ya macho yake. Lakini mpokeaji, mtu wa kitengo cha afya aliyependa foleni iende mbio, alikuwa na mtindo wake. Alibandika lebo kwenye vifuniko, tena kabla watu hawajafika, kwa kuwa kifuniko ni bapa na lebo haijikunji. Hakuna mkubwa aliyemkataza. Foleni zake zilisifiwa.

Siku hiyo Spana aliweka chupa yake mezani wakati uleule ambao kapteni wa usafirishaji, bosi wake mwenyewe, alikuwa anaweka ya kwake. Kapteni macho yalikuwa mekundu na alikuwa akilambalamba midomo. Mpokeaji akafunika chupa zote mbili kwa mpigo, akapitisha utepe wa muhuri juu ya kila kifuniko, akawapa kalamu. Spana aliliona jina lake, akatia saini kwenye utepe. Alipogeuka kwenda zake ndipo alipoona. Chupa yenye jina la kapteni ilikuwa imejibana kwenye ubao upande aliosimama Spana, na ile yenye jina la Spana ilikuwa imelalia upande wa kapteni.

"Afande, vifuniko vimepishana."

Mpokeaji alimtazama kapteni. Kapteni alitazama simu yake.

"Muhuri umeshapita," mpokeaji alisema, akazitumbukiza zote kwenye sanduku. "Pisha wengine."

Kuanzia hapo Spana alikaa roho juu. Alifungua injini na kuzifunga, akasahau kula. Nyumbani, katika nyumba ya kambi aliyopewa kwa sababu ya kazi, aliishi na baba yake, sajini meja mstaafu ambaye bado alipiga pasi suruali mpaka mstari ukasimama. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda. Spana alimweleza kuhusu vifuniko. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Jeshi haliwezi kukosea kitu kidogo hivyo," alisema. "Niambie ukweli, mwanangu. Umeonja nini?"

Maneno hayo yalimuuma Spana kuliko yote yaliyofuata.

Majibu yalipotoka, kapteni ndiye aliyemwita ofisini kumsomea. Mkojo wenye jina lake ulikuwa na dawa za kulevya. Mkojo wenye jina la kapteni ulikuwa safi, ukamwagwa, na chupa ikatupwa, kama inavyofanyiwa mikojo yote safi. Kapteni alisoma kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Maabara huzihifadhi kwenye friza chupa zenye dawa, endapo mtuhumiwa atakata rufaa. Hii yenye jina la Spana haikukubali kuhifadhiwa. Ilionekana getini mchana kweupe, ina vumbi la barabarani, muhuri wake haujaguswa. Askari wa lindo aliiuliza inakwenda kwa nani. Haikujibu, ila iliendelea kuligonga geti, naye akaiandikisha kama mgeni wa ofisi ya usafirishaji na kuifungulia. Ilipita kando ya uwanja wa gwaride, ikapanda ngazi kwa taabu, ikajibwaga mlangoni kwa kapteni. Jioni ilimfuata messi, kwenye bwalo la maofisa, ikakaa chini ya kiti chake. Maofisa wenzake walijitia hamnazo. Mmoja tu aliomba ahamishiwe meza nyingine, kwa madai ya upepo.

Spana aliposikia, alipata moyo. Aliingia kwenye baraza la nidhamu akiwa na hakika kwamba chupa imeshamsafisha. Kamanda wa kikosi alikaa katikati, wajumbe wawili wa baraza kulia na kushoto kwake. Baba yake Spana aliruhusiwa kukaa benchi la nyuma. Kapteni alikaa pembeni kama mkuu wa mtuhumiwa, na chupa ilikuwa imeegemea buti lake.

Shahidi mwenye mafua aliitwa kwanza.

"Uliona mkojo ukiingia chupani?"

"Niliona, afande."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kazi yangu huwa imekwisha, afande." Alipenga kamasi, hakumtazama Spana.

Kamanda akamgeukia Spana. "Koplo, chupa ile ina jina la nani?"

"Langu, afande."

"Saini kwenye utepe?"

"Yangu. Lakini naomba mtazame imekaa wapi."

Wote walitazama. Kamanda alimwomba kapteni asogeze mguu. Kapteni alisogeza, chupa ikasogea. Alimwomba asimame, aende hadi dirishani. Chupa ilijiviringisha mpaka dirishani, ikatulia kisiginoni pake.

Karani aliuliza aandike nini.

"Andika kielelezo kilikuwepo barazani," kamanda alisema.

"Tumpime tena, afande?" mjumbe wa kulia aliuliza.

"Nani?"

Mjumbe alipanga upya karatasi zake.

"Nipimeni mimi," Spana alisema. "Hapahapa. Na yeye pia."

"Bahati nasibu haijamchagua mtu leo," kamanda alijibu, wala hakuwa na hasira. "Tukianza kupima watu kwa sababu chupa zinawapenda, hatutabaki na jeshi."

Nyuma, mzee alisimama wima, mikono ubavuni. "Naomba kusema, afande."

"Mzee, wewe umestaafu. Kaa."

Mzee akakaa.

Hivyo ndivyo unga wa Spana ulivyomwagika. Alivuliwa cheo, akaachishwa kazi, akatakiwa kuhama nyumba ya kambi. Wakifunga vyombo kwenye magunia, baba yake alisema bila kugeuka, "Nimeiona, mwanangu. Nilikukosea."

"Ulinikosea sana, baba," Spana alisema. Waliendelea kufunga vyombo.

Alifungua gereji ndogo nyuma ya soko, na mzee akawa msaidizi wake, akiwa na ovaroli iliyopigwa pasi. Kapteni alipandishwa kuwa meja. Chupa ilizoeleka. Askari wapya walifundishwa kuipisha njiani, na siku ya ukaguzi mkubwa ilipanguswa vumbi.

Gari la meja lilipogoma kushika breki, dereva alisema mjini kuna fundi mmoja tu wa kuaminika. Meja alilileta mwenyewe. Aliposhuka, chupa ilishuka nyuma yake. Spana aliisogeza kando kwa mguu isije ikakanyagwa, akaingia chini ya gari. Baba yake aliinama kummulikia tochi. Wote wawili waliona jinsi pini ya breki ilivyolika, ikabaki imeshikilia kidogo mno. Kona ya kwanza yenye mteremko ingemaliza kazi.

"Ungeweza kuiacha hivyo," mzee alinong'ona.

"Ningeweza."

Alibadilisha pini. Alikaza, akalegeza, akakaza tena, kisha akaliendesha gari mwenyewe na kulisimamisha ghafla mpaka aliporidhika.

"Asante, Koplo," meja alisema.

"Mimi si koplo, afande."

"Mazoea tu." Alifungua mlango, akangoja chupa ipande, akaondoka.

Gari lilipowapita, mkono wa mzee uliinuka wenyewe na kupiga saluti, naye hakuweza kuushusha mpaka lilipokata kona. Spana alimwona. Kwa muda ule mfupi alimchukia baba yake zaidi ya alivyomchukia meja. Kisha akamwomba amletee sabuni, anawe mikono.